Rudi Mstari wa Pili

Jumapili iliyopita mvua ilipiga bati la kanisa hili mpaka mwalimu wa kwaya akashusha mikono. Tulikuwa tumemaliza ubeti wa tatu. Tukasubiri, mvua haikuacha, tukatawanyika bila kumaliza wimbo. Likumbukeni hilo. Nitalirudia mwishoni.

Leo nawapa mfano mmoja, nao si mrefu.

Mwanamke mmoja alikuwa mtunza kumbukumbu wa zahanati. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kila Jumatatu wagonjwa wa kifua kikuu walifika kuchukua dawa za wiki nzima, naye aliandika tarehe kwenye rejista mbele ya jina la kila aliyefika. Asiyefika hakuandikiwa kitu. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu nafasi tupu kwenye rejista haipigi kelele.

Mzee mmoja alikosa Jumatatu tatu mfululizo. Hakuna aliyeona. Wiki ya nne aliletwa amebebwa kwenye machela. Alilazwa miezi miwili. Alipona, lakini kazi yake ya kupasua mbao hakuiweza tena. Siku alipolazwa, mwanamke huyu alifungua rejista. Kati ya majina mia moja na arobaini alizikuta nafasi tatu tupu, ambazo macho yake mwenyewe yalikuwa yamezipita.

Zahanati ilikuwa na kompyuta moja ya kuandikia barua. Akajiuliza: kwa nini hii isinisaidie kuhesabu? Ihesabu kila mgonjwa amekuja mara ngapi, inionyeshe aliyepungua kabla hajabebwa.

Mwalimu hakuwa naye. Chuo kilikuwa mbali. Alikuwa na simu, masomo arobaini aliyopakua, na daftari. Akaanza kujifundisha kutengeneza programu, kila Jumamosi mchana akishamaliza kufua. Kwa ambao hawajui, programu ni orodha ya maelekezo. Kompyuta inayafuata mstari kwa mstari na haiongezi akili yake hata kidogo.

Alifika somo la tisa. Ikaja kampeni ya chanjo ya surua, wiki tatu hakugusa daftari. Aliporudi aliona amesahau, akafungua somo la kwanza. Safari ya pili alifika la nane, ukatokea msiba kwa kaka yake. Aliporudi kutoka msibani, somo la kwanza. Safari ya tatu alifika tena la tisa, akaugua malaria. Somo la kwanza. Kila mara alianza kwa moyo mkunjufu, akachora mstari kwa rula juu ya ukurasa, akaandika tarehe kwa wino mwekundu.

Nani hapa amewahi kufanya hivyo? Sihitaji mikono.

Safari ya nne nayo ilikatika njiani. Katika ya tano alifika hilo la tisa akiwa mzima, hana msiba wala kampeni. Akaandika programu yake ya kwanza ya kuhesabu mahudhurio. Jumamosi hiyo aliomba ruhusa ya kuja na kompyuta nyumbani, akapewa. Aliiweka juu ya meza barazani, akabonyeza, akatazama, akaifunika. Mumewe alikuwa amekaa chini pale pale, anachambua maharage.

“Imegoma?” mume akauliza.

“Haijagoma. Imejibu. Inasema kila mgonjwa amekuja mara moja. Yule mama aliyekuja wiki ishirini, moja. Aliyeanza juzi, moja. Wote moja!”

“Sasa?”

“Sasa najua sikuelewa msingi. Jumamosi ijayo naanza upya.”

“Somo la kwanza?”

“Somo la kwanza.”

Mume akanyoosha mgongo, akaigiza sauti ya mwalimu wa kwenye simu. “Karibu, mwanafunzi. Kompyuta ni mashine inayopokea maelekezo, inayafanyia kazi, halafu inatoa majibu. Mama Atupele, hilo hata mbuzi wetu analijua sasa! Hii itakuwa mara ya sita.”

“Cheka tu.”

“Sicheki. Ila kabla hujamrudisha huyo mwalimu humu ndani, nisomee ulichoandika. Kwa Kiswahili. Mimi nitakuwa kompyuta.”

“Wewe, Baba Atupele?”

“Si umesema haina akili? Basi nafaa.”

Akavuta sahani, akaweka mkono juu ya maharage. Mke akafungua daftari na kusoma.

“Mstari wa kwanza: sahani iwe tupu.”

“Ni tupu.”

“Mstari wa pili: soma tarehe aliyokuja mgonjwa. Mstari wa tatu: weka punje moja.”

Akaweka punje.

“Mstari wa nne: kama kuna tarehe nyingine, rudi mstari wa kwanza.”

“Ipo?”

“Ipo. Amekuja wiki ishirini huyu.”

Mume akachukua sahani, akaimwaga ile punje.

“Unafanya nini?”

“Umesema nirudi mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza sahani iwe tupu. Ilikuwa na punje, nimeitoa.”

“Usitoe!”

“Mimi sina akili, mama. Nafanya ulichoandika.” Akaweka punje nyingine. “Tarehe nyingine ipo? Ipo. Narudi mwanzo. Namwaga.” Akaweka, akamwaga. Akaweka, akamwaga. “Tukikaa hapa mpaka Krismasi, sahani hii haitawahi kuwa na punje mbili. Nawe utasema maharage ndiyo mabaya.”

Mwanamke akalivuta daftari kwake. Mume alidhani amemuudhi, akaanza kuomba radhi, lakini mke hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amelishika daftari kwa ubavu, anatazama kingo za kurasa. Kurasa za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa vidole, zimejikunja kwenye pembe. Baada ya hizo, zote zilikuwa nyeupe kama siku aliyolinunua. Miaka miwili. Tarehe tano kwa wino mwekundu.

Akachukua kalamu. Kwenye mstari wa nne akafuta neno moja, akaandika: rudi mstari wa pili. Sahani iwe tupu mara moja tu, kabla ya kuanza. Baada ya hapo hairudi kuwa tupu.

Jumatatu jioni, wagonjwa walipokwisha kuondoka, programu ilihesabu. Ilitoa jina moja: alipaswa kuwa amekuja mara kumi na nne, amekuja kumi na mbili. Kesho yake mwanamke alitembea nusu saa mpaka kwa mgonjwa huyo, akamkuta anaosha vyombo nje. Alikuwa mama kijana. Alipomwona aliinuka, mikono inachuruzika maji.

“Dada, najua. Naomba usinigombeze.”

“Sijaja kugomba, mdogo wangu. Nimekuja kukuuliza. Kwa nini hukuja?”

“Jumatatu ile ya kwanza mtoto alikuwa anaharisha. Ya pili nikaona aibu. Halafu jirani akaniambia ukikosa, wanakufutia dozi, unaanza upya tangu kidonge cha kwanza. Miezi mitatu yote ile nimeze tena? Nikasema basi. Siwezi.”

Mwanamke wetu akakaa kwenye kigoda alichokaribishwa. Kisha akasema, “Lete kadi yako, twende.”

Muuguzi aliitazama kadi, akampima, akahesabu siku. “Nane bila dawa,” akasema. “Tutaendelea pale ulipoishia. Hizi nane tutaziongeza mwishoni.”

“Hamnifutii?”

“Nikufutie nini? Ulizomeza umemeza.”

Na mtunza kumbukumbu akafungua rejista, akaandika tarehe ya siku hiyo kwenye nafasi iliyofuata ile ya mwisho.

Sasa mniulize: masomo arobaini aliyamaliza? Hajayamaliza. Jumamosi iliyofuata alifungua daftari kwenye ukurasa mweupe wa kwanza, somo la kumi. Nusu ya maneno alikuwa hayakumbuki. Asipokumbuka, hugeuza ukurasa mmoja nyuma, au miwili, anatazama, anaendelea. Sasa yuko somo la ishirini na tatu. Hana haraka. Wino mwekundu amempa mjukuu wake achoree picha.

Ndugu zangu, mlidhani nimewaletea habari za kompyuta. Nazo ni habari za kompyuta. Wapo vijana humu wanaojifundisha kazi hiyo kwa simu, peke yao, bila mtu wa kuwauliza. Wapo kina mama wanaojifunza ushonaji, wapo wazee wanaojifunza kusoma noti za muziki. Mtaniambia kinachowashinda ni ugumu. Nimewatazama kwa miaka mingi, na nawaambia si ugumu. Mtu akikosa wiki mbili, anaona aibu. Aibu inamwambia yote yamefutika, rudi mlangoni. Mlangoni ni pazuri, panajulikana, na mtu anajisikia mpya. Kwa hiyo tunaurudia mwanzo, na tunauita bidii.

Na roho zetu je? Hicho kitabu ulichokuja nacho leo, kigeuze sasa hivi, utazame kingo za kurasa. Fanyeni. Nasubiri. Kurasa za mwanzo zina rangi gani? Na za katikati? Kila Januari tunaahidi kukisoma chote. Kila Februari tunakosa siku tatu. Na Januari nyingine tunarudi ukurasa wa kwanza, tukijisifu kwamba tumeanza upya na Mungu.

Toba ni kitu kizuri, nami siwezi kusimama hapa niidharau. Lakini nani aliwaambia kwamba toba ni kumwaga sahani? Ulipomsamehe jirani yako mwaka juzi, punje ile ipo. Ulipojifunza kunyamaza badala ya kutukana, ipo. Umeanguka juzi, ndiyo. Mbinguni kuna rejista, na anayeiandika hafuti ulizomeza. Anataka kujua jambo moja: leo umekuja?

Na hapa niseme kinachonihusu mimi. Humu ndani wapo watu ambao hawajaonekana miezi sita, na leo wamekaa viti vya nyuma, karibu na mlango. Najua mnachoogopa. Mnaogopa tutawaambia muanze darasa la ubatizo tangu siku ya kwanza, na tuwatazame. Kama kuna mtu amewaambia hivyo, ni jirani, na jirani amekosea. Anayewatazama vibaya leo na aangalie daftari lake kwanza.

Sisi tulio viti vya mbele tuna kazi nyingine. Nafasi tupu haipigi kelele. Tukishafika nyumbani, tuhesabu ni nani hakuja leo, na kesho mmoja wetu atembee ile nusu saa. Asiende kugomba. Aende kuuliza.

Nimemaliza. Mwalimu wa kwaya, naona umeshika kitabu na umefungua ubeti wa kwanza. Hapana, ndugu yangu. Tatu tuliimba, Mungu alizisikia hata kwenye mvua ile.

Tusimame. Ubeti wa nne.