Barabara Iliyopinda kwa Mkuyu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mkuyu!

Haya, sogeeni. Wa nyuma asije akasema hakusikia.

Hapo zamani za kale, Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, aliishi ndani ya mkuyu. Si mkuyu wa kutajwa hivi hivi, jamani! Babu yake alizaliwa humo, na babu wa babu yake. Hondohondo akiutaja, kifua mbele.

Mwaka huo mkewe aliingia tunduni kutaga, akaziba mlango kwa tope, kama ilivyo ada yao. Pakabaki upenyo wa kupitisha mdomo tu. Hondohondo akawa anamletea makuyu asubuhi na jioni, mengine yakimponyoka njiani.

Siku moja Ndovu, mfalme wa nyika, akaanza kukata barabara ya kwenda mtoni, na mkuyu ulisimama katikati ya njia. Akamtuma Nyati.

"We Hondohondo, hama! Barabara ya mfalme haipindi."

Hondohondo akaimba:

*Mlango wa tope, ufunguo u ndani,*
*Sibomoi mimi, asibomoe mgeni.*

Nyati akautazama mlango wa tope, akarudi. Akaja Kifaru. Akaimbiwa, akautazama, akarudi. Mara ya tatu akaja Ndovu mwenyewe, na mkewe nyuma. Hondohondo akaimba tena.

Mke wa Ndovu akasema, "Mume wangu, nilipojifungua wenzangu walinizunguka, hata simba hakusogea. Huyu aliye ndani ana nani, ila mti huu?"

Masikio ya Ndovu yakalegea. "Basi nitangoja. Wakitoka, naung'oa."

"Ahadi ni deni, mfalme," akasema Hondohondo.

Vifaranga wakaota manyoya. Mama akabomoa mlango kwa mdomo wake, wakatoka wote. Ndovu akausukuma mkuyu, ukaanguka, nchi ikatikisika.

Hondohondo alilia, wala hakugeuza uso. "Tazameni, wanangu. Umesimama mpaka wa mwisho wenu akatoka. Mkiutaja, kifua mbele!"

Barabara ikanyooka, jua likawachoma wasafiri. Mvua iliponyesha, yale makuyu yaliyoponyoka yakachipua huku na huku. Mche mmoja ukaota katikati kabisa ya barabara. Nyati akainua kwato aukanyage.

"Acha!" Ndovu akanguruma. "Humo ataingia mzazi."

Na barabara isiyopinda, ikapinda.

Basi wanangu, mwenye nguvu aulize kwanza nani yumo ndani, ndipo asukume.

Hadithi yangu imefika mtoni. Mimi nanywa maji, nanyi bakini kivulini.