Kikonyo cha Mkusu

"Mtikisa mkusu asilaumu uchungu." Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani, mkacheka. Kaeni basi niwaambie msemo huu ulikozaliwa, maana siku ulipotamkwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakiwa bado magotini. Ghala zikabaki tupu. Nambeye, bibi harusi aliyeletwa kutoka ng'ambo ya mto, alikwenda kutafuta kuni, akakuta mikusu, miti ya porini, imejaa matunda mlimani. Huku kwetu tuliyaita chakula cha nyani, kwao waliyala. Akaokota machache, akarudi nayo, akayala mbele ya watu wote.

"Jamani, kaka kaoa nyani!" wifi yake, Nalwamba, alicheka.

"Cheka, wifi, ila shika hili: hayachumwi, wala mti hautikiswi. Lisiloanguka lenyewe halijaiva, nalo si letu."

Kulipopambazuka Nalwamba aliwahi mlimani peke yake. Alirudi na kapu limejaa, akampa baba yake, mzee Silwamba, ambaye hakuwa amekula siku mbili. Kufika adhuhuri mzee alikuwa chini, amejikunja, anatapika.

Ndugu wa mumewe wakamzunguka Nambeye. Mmoja alishika panga.

"Wewe ndiye uliyetuletea sumu hii. Baba akikata roho, nawe unamfuata."

Kwa mila, Nambeye hakuruhusiwa kumsogelea baba mkwe wake. Aliliinamia kapu pale mlangoni, akatoa tunda moja. Lilikuwa na kikonyo kibichi.

"Lililoanguka halina kikonyo," alisema. "Nani katikisa?"

Nalwamba alitazama miguu yake.

Nambeye hakungoja jibu. Alikwenda mlimani, mwenye panga nyuma yake, akachimba mzizi wa mkusu, akarudi akauchemsha.

"Mti huohuo uliomwangusha baba?" wakafoka.

Akanywa yeye kwanza. Kisha akamkabidhi Nalwamba kibuyu. "Mpe wewe, wifi. Mimi siwezi kumpa."

Nalwamba aliinama, akamnywesha baba yake.

Wakangoja. Mwenye panga hakuketi. Jua lilipogusa mlima, mzee alinyoosha miguu, akaomba maji.

"Baba, ni ule mti," Nalwamba alilia. "Ule mti ni mbaya!"

Mzee alitazama kapu, akatazama panga.

"Wekeni hilo panga chini. Nawe mwanangu, mti haukukuita. Mtikisa mkusu asilaumu uchungu."