Kabati Lililotiwa Gundi

Mama mmoja alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, akataka aende kwa mumewe na kabati la mvule. Upande wa mume walikuwa watu wa kupapasa kila kitu kinachoingia nyumbani kwao, na mama aliapa kwamba mwanawe hatachekwa.

Basi masika yote akawa anashinda kwa fundi. Anakaa kwenye kigoda, anatazama randa, anatazama mikono. Je, sisi hatujawahi kumkalia mtu hivyo?

Siku ya kutengeneza milango, akaona jambo. Fundi aliunga fremu kwa gundi kwenye pembe, akachimba mfereji kwa ndani, akachomeka ubao mpana wa katikati. Ule ubao hakuutia gundi hata tone. Tena aliukata pungufu kidogo, ukiugusa unacheza.

"Fundi, gundi imekuishia?"

"Haijaisha, mama. Ubao huu unataka nafasi. Mvua ikinyesha unatanuka, kiangazi unasinyaa. Nikiubana utapasuka."

"Mti uliokatwa mwaka juzi bado unatanuka? Una mimba?"

Fundi akacheka. "Niamini, mama."

Neno hilo ndilo lililoharibu. Mama alijiambia: mtu mkweli haombi kuaminiwa. Na kile kicheko, alikuwa ananicheka mimi? Ndugu zangu, kwa mwenye shaka hata jibu la kweli linageuka ushahidi.

Kabati lilipofika nyumbani, mama aliutikisa mlango. Ko, ko. Akajifungia na chupa ya gundi, akaijaza kwenye mifereji pande zote nne, akiisukuma kwa njiti. Kesho yake akatikisa tena. Kimya. Hakumwambia mtu, hata binti.

Harusi ikapita, wakwe wakapapasa, wakasifu. Kisha kiangazi kikaingia. Mchana mmoja, kule ukweni, ulisikika mlio kama fimbo inayovunjika. Ubao wa mlango ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini.

Mnadhani mama alihuzunika? Alifurahi! "Nilijua," alisema, akiamini gundi yake ilichelewa tu kuokoa ubao ulioharibiwa na fundi tangu mwanzo. Akampeleka fundi kule kule ukweni ili aumbuke mbele za watu.

"Haya, sema mwenyewe. Waambie wakwe zangu ulivyobania gundi."

Fundi alipiga magoti, akapitisha ukucha pembeni mwa ubao, akabandua utando mgumu uliokauka.

"Gundi ipo, mama. Tena nyingi. Lakini si yangu. Mimi niliacha nafasi, na mtu ameiziba."

Mama mkwe akamgeukia bibi harusi. "Kabati hili liko chumbani kwako tangu lije. Kumbe ni wewe! Unaharibu vitu, kisha unanyamaza tumlaumu fundi wa watu?"

Binti alimtazama mama yake.

Mama alikuwa na neno moja tu la kumwokoa mwanawe, na neno lenyewe lilikuwa la kujiaibisha. Je, alilisema? Alilisema. "Ni mimi, mkwe." Lakini alichelewa kidogo, na katika kuchelewa kule binti yake alikwisha kujua.

Ndugu zangu, tusimcheke. Aliogopa mwanawe asije akaaibika, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomletea aibu. Sisi nasi tunawabana wale tunaowapenda. Mume akichelewa, tunapekua mifuko. Mtoto akinyamaza, tunasema anaficha. Jirani akitueleza ukweli, tunautafutia uongo ndani yake. Tunaita huko kuwa macho. Kisha kitu kikipasuka, tunakimbilia kusema, "Nilijua!" Ulijua nini, wakati aliyepasua ni wewe?

Mungu aliyetuumba ametuachia nafasi ya kukua na kusinyaa, wala hakutubana. Sisi ni nani hata tuwabane wenzetu? Yuko mtu aliyekujibu kweli ukakataa kumsadiki. Unamjua kwa jina. Ukitoka hapa, usipitie nyumbani kwanza. Nenda kwake umwambie, "Ni mimi," na usichelewe kulisema.