Bega la Fundi Semkiwa

"Ulizia mkono, sindano utaiona."

Bi Mwanjaa aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. Mjukuu wake Mwajabu, ambaye shingo ilikuwa imemkaa upande wiki nzima kama jogoo anayesikiliza ugomvi wa jirani, alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu ili apate miadi kwa mtu wa tiba ya sindano aliyemwona kwenye tangazo. Tangazo lilikuwa zuri kwelikweli. Sindano zimepangwa juu ya kitambaa chekundu, zinameta.

"Bibi, methali hiyo kwenye kitabu cha shule haimo," alisema Rehani, kaka yake. "Au umeitunga sasa hivi?"

"Waliokiandika kitabu chako waliwahi kukaa barazani kwa babu yako?"

"Sidhani."

"Basi wataijulia wapi? Na wewe mwenye shingo ya kuazima, weka simu chini kwanza. Asili ya maneno hayo ni hii."

Kabla simu hazijaanza kulala mifukoni mwa watu, nyuma ya soko la Korogwe kulikuwa na baraza ya mafundi cherehani. Vyerehani vitano vya miguu viliimba pamoja tangu asubuhi, na redio moja ya betri, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isije ikasambaratika, ilijitahidi kuvishinda. Mkubwa wa baraza hiyo alikuwa Fundi Semkiwa, mume wa Bi Mwanjaa. Mtu mwembamba, mpole, mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote, hata msibani.

Baraza ilikuwa na desturi yake. Mtu akija kuomba kazi, hakuulizwa anajua kushona nini. Aliulizwa, "Mkono wako umefunzwa na nani?" Naye alipaswa amtaje mwalimu wake, kisha mwalimu wa mwalimu wake, kama mtu anayeeleza ukoo siku ya kupeleka posa. Akikwama, alipewa viroba vya unga avishone mpaka mkono wake upate baba. Fundi mmoja aitwaye Kaniki alijibu kwamba alijifunza mwenyewe. Alishona viroba miezi minne. Baadaye alikuja kuwa fundi hodari wa suruali, lakini mpaka anazeeka, akiona kiroba alivuka upande wa pili wa barabara.

Sasa, mwaka ambao binti yao Tunu alichumbiwa, bega la kulia la Fundi Semkiwa liligoma. Halikuanguka, halikugongwa. Liligoma tu, kama punda aliyefika darajani. Mkono ulipanda mpaka kifuani. Ukivuka hapo, machozi yalimtoka. Mkasi mkubwa wa kukatia ukamshinda. Hata futi yake, iliyotundikwa kila jioni kwenye msumari juu ya mlango, ikawa lazima mkewe amtundulie asubuhi na kumvisha shingoni kama mtoto anayekwenda shule.

Hospitalini walimpa vidonge na mazoezi ya kupandisha vidole ukutani. Alipandisha mpaka ukuta ukafanya njia nyeusi kama ya sisimizi. Nafuu ilikuja kidogo, ikasimama. Daktari akamwambia wapo wanaosaidiwa na tiba ya sindano. "Ila uende kwa mtu aliyesomea," akaongeza.

Neno hilo la mwisho Fundi hakulisikia vizuri, maana akili yake ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Humo, chini ya kanga za mkewe, kulikuwa na mita sita za hariri ya rangi ya maziwa. Aliinunua Tunu alipokuwa na miaka saba na hana meno ya mbele, akamwapia kwamba gauni lake la harusi halitakatwa na mkono mwingine wowote duniani. Mtoto wa miaka saba hasahau. Na harusi ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Basi wakati huo huo, karibu na stendi, mgeni mmoja alikuwa amepanga chumba na kutundika kibao: tiba ya sindano kwa mgongo, bega, goti, ndoa na mitihani. Watu walimwita Tabibu Mng'aro kwa ajili ya kisanduku chake. Kikifunguliwa, sindano zilimeta mpaka mtu akafumba jicho moja.

Fundi Semkiwa alikwenda kumchunguza. Na kweli alichunguza, lakini kama fundi. Aliomba sindano moja, akaivingirisha kati ya vidole, akaipitisha kwenye ukucha, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa sindano safi, haina kombo. Miaka thelathini alikuwa akiishi na sindano, nani angemdanganya? Akapewa miadi ya Alhamisi, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

"Nimeziona, mama Tunu," alimwambia mkewe wakila. "Hazina kutu, hazijapinda, ncha ni ncha. Mwenye vifaa kama vile si mbabaishaji."

"Vizuri. Mkono wake umefunzwa na nani?"

Fundi akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

"Nakuuliza wewe, baba Tunu."

"Sikumuuliza."

Bi Mwanjaa akaacha kula. "Kaniki ulimshonesha viroba miezi minne kwa sababu ya suruali za watu. Leo bega lako mwenyewe unampa mtu kwa sababu sindano zake zinameta? Sindano inauzwa dukani. Nikitaka, kesho nanunua pakiti nzima. Unataka nikuchome mimi?"

"Wewe ungenichoma kwa furaha."

"Kwa furaha kabisa, tena ningeanzia kwenye ulimi. Lakini sikiliza, fundi. Ulizia mkono, sindano utaiona."

Usiku ule Fundi alilala kwa ubavu wa kushoto. Hakukasirika. Alikuwa anaona haya, kama mchungaji aliyekutwa na mbuzi wake shambani kwa watu.

Alhamisi alikwenda, maana ahadi ni ahadi. Alimkuta mke wa muuza mkaa juu ya kitanda, sindano zimemjaa gotini. Tabibu alimwambia avue shati asubiri. Akavua, kisha akasema, "Samahani, bwana. Mkono wako umefunzwa na nani?"

"Nimeoteshwa," alijibu Tabibu.

"Na aliyekuotesha, yeye alisomea wapi?"

Tabibu akacheka. Huku anacheka, akaichomoa sindano kwenye goti la mama yule, akaifuta kwa pindo la koti lake, akairudisha kisandukuni pamoja na wenzake. Ikameta vilevile. Fundi aliitazama. Kule barazani sindano ikishaingia kidoleni mwa mtu hutupwa kwenye kopo, na hiyo ni ya kushonea kaptula. Akavaa shati lake. Vifungo vilimchelewesha, kwa sababu mkono mmoja haukumsaidia.

Alirudi kwa daktari wa hospitali, safari hii akasikiliza mpaka neno la mwisho. Daktari akamwandikia jina: Daktari Salha, Tanga. Fundi akaenda posta kupanga foleni ya simu. Simu za siku hizo zilitaka mtu apige kelele, kwa hiyo mazungumzo yale yalikuwa mali ya foleni nzima.

"Daktari, mkono wako umefunzwa na nani?" alipaza sauti.

Upande wa pili daktari naye akauliza, "Baba, wewe ni mgonjwa au mkwe?"

Foleni ikacheka. Fundi akaeleza desturi ya barazani, na viroba, na neno la mkewe. Daktari Salha hakumkatiza. Akajibu kwamba udaktari aliusomea hapa nchini, na sindano akazisomea Uchina miaka mitatu, kwa Bibi Lin, ambaye naye alifunzwa na baba yake. Vyeti viko ukutani, na karatasi ya usajili wa wizara iko kando yake. "Visome kwanza, ndipo ulale kitandani," alisema. "Haya, na wewe nitajie wako, nijue ninayemtibu."

Fundi akashika waya wa simu. "Mimi nimefunzwa na marehemu Fundi Mbaruku wa Pangani. Naye alifunzwa na shangazi yake, Bi Mize, aliyeshona kwa mkono, bila cherehani." Jina la Bi Mize hakuwa amelitamka miaka mingi.

Kisha daktari akauliza yeye. Anatumia dawa gani? Ana presha, ana kisukari? Amewahi kuzimia akiona sindano? Hapo Fundi alikaribia kutukana. Akaambiwa aje Jumatatu saa nne, awe amekula, avae shati la mikono mipana.

"Shati si tatizo," alisema Fundi.

Jumatatu alisoma vyeti vile neno kwa neno, kidole kikitembea chini ya mstari. Daktari Salha alimwacha amalize. Akamuuliza maswali nusu saa, akaupandisha mkono wake taratibu na kuushusha. Ndipo akanawa, akafungua pakiti mpya mbele ya macho yake, na kutoa sindano nyembamba kama unywele. Hazikumeta hata kidogo.

Fundi akazitazama kwa huruma. "Hizi hazina tundu. Uzi utapita wapi?"

"Leo hatushoni, baba. Tulia. Na sikuahidi muujiza. Utakuja mara sita, na ule ukuta wako usiuache. Tukifika mara ya nne hatuoni kitu, nitakwambia mwenyewe uache kupoteza nauli."

Mara ya nne waliona kitu. Mara ya tano waliona zaidi. Na asubuhi moja, wiki chache kabla ya harusi, Bi Mwanjaa alinyoosha mkono juu ya mlango amtundulie mumewe futi, akaukuta msumari mtupu. Akageuka. Fundi Semkiwa alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo, futi iko shingoni, hariri iko mapajani, mkasi mkubwa uko mkono wa kulia. Akakata.

Bega lile halikupona lote. Embe la juu mtini aliendelea kuomba achumiwe. Lakini gauni alilikata yeye. Na wakati Tunu analivaa, goti la mke wa muuza mkaa lilikuwa limetunga usaha, na kibao cha stendi kimetoweka na mwenyewe. Watu wa posta walikwisha kulisambaza neno. Ikawa kila anayetafuta mkunga, fundi wa paa au mwalimu wa mtoto, huambiwa lile lile la mezani kwa Bi Mwanjaa.

Hapo Bibi akamaliza kisa. Juu ya mlango msumari ulikuwa bado upo, umeshika kutu, haujatundikwa kitu tangu babu afariki. Mchele ulikwisha kuwa safi kitambo, lakini aliendelea kuupepeta.

Mwajabu akaandika swali kwa wale wa tangazo. Jibu likaja upesi: "Njoo tu mrembo, wiki hii tuna ofa." Rehani akalisoma kwa sauti, akasema, "Huyu kaoteshwa." Mwajabu akalifuta. Akapiga simu ya kliniki ambayo daktari wa hospitali alikuwa amemwandikia tangu Jumanne, akaweka sauti wote wasikie.

"Samahani, daktari. Kabla hujaniandika miadi. Mkono wako umefunzwa na nani?"

Kikaja kicheko cha mwanamke mtu mzima.

"Swali hilo lina mwenyewe," ilisema sauti. "Mimi nimefunzwa na Daktari Salha, wa Tanga."

Ungo ukasimama.

"Bibi," alinong'ona Mwajabu akiziba simu kwa kiganja, "na sindano zake je, nimuulize?"

"Mkono umeshauulizia," alisema Bi Mwanjaa. "Sindano utaiona."