Kanga Kati ya Mikusu Miwili

Trekta huchaguliwa na miti. Ndivyo alivyosema Mzee Nyagawa alipopita asubuhi hii na kuwakuta mmekwama mlangoni na hilo kochi, nusu ndani, nusu nje, na Jofrey anatafuta nyundo ya kubomolea fremu. Mkacheka. Mkaulizana trekta limeingiaje kwenye habari za kochi. Haya, liacheni hapo lilipo, halina miguu ya kukimbilia, na ukungu wenyewe bado umelala uwanjani. Sogeeni kwenye moto. Methali hiyo ilianza hivi, na ilianza hapa hapa nyumbani, kwa babu yenu Evaristo na bibi yenu Yustina, wazazi wangu, na mimi shangazi yenu nilikuwepo.

Msitu wa nyuma ya nyumba mnaujua. Msitu ni jina kubwa tu. Ni kipande cha miti ambacho mtu akianza wimbo wa kanisani anapoingia, anatokea upande wa pili kabla hajamaliza. Juu ipo mikusu ya zamani ambayo hakuna aliyeipanda, katikati misindano aliyoipanda baba kwa mkono wake, na bondeni kabisa mianzi ya ulanzi. Njia moja inapita humo, inapinda huku na kule kama mtu anayesalimia kila nyumba.

Mnajua pia asubuhi za huku kwetu. Ukungu ukipanda kutoka bondeni, miti haionekani kama imesimama, inaonekana kama inakuja. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba usingizini inatembeleana, na alfajiri kila mmoja unarudi mahali pake haraka kabla watu hawajaamka. Nilimwambia mama. Hakunikatalia. Alisema tu kwamba mikusu ina adabu, haiwezi kwenda mbali na watoto wake.

Alisema hivyo kwa sababu ya desturi ya ukoo wetu. Mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa chini ya mkusu ulio hai, na tangu siku hiyo mti ule ni wake. Hapandiwi mti. Anakabidhiwa kwa mti. Ndiyo maana njia ile imepinda vile. Wanawake walioianza kwa miguu yao walikuwa wakizunguka miti ya watoto.

Pale njia inapobana kabla ya kushuka kwenye misindano, ipo mikusu miwili inayotazamana, mmoja kushoto na mmoja kulia. Wa kulia ni wangu. Wa kushoto ni wa dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa. Alikuja duniani bila kulia. Wanawake walimzika wenyewe chini ya mkusu ule, bila matanga makubwa, na mama akampa jina la Faraja. Baba hakuwahi kulitamka. Mimi nilipozaliwa nikalia kwa sauti ya kuamsha majirani, kijiji kikaanza kuwaita wazazi wangu Baba Blandina na Mama Blandina, na jina la yule wa kwanza likabaki kwa mama peke yake.

Sasa, baba alizeeka. Nyonga yake ikakataa kazi. Misindano ilikuwa imekomaa, lakini gogo halitoki msituni kwa kulibembeleza. Miaka yote alikuwa akiyavuta magogo kwa bega na kamba, na bega nalo likasema basi. Magugu yakaanza kufunga njia. Akaja mfanyabiashara wa mbao, mtu wa maneno matamu, akasema atauchukua msitu wote kwa mara moja, mikusu na misindano, na kusafisha hadi mianzi. Baba alimkaribisha pombe ya ulanzi, akamsikiliza, na hakusema ndiyo wala hapana. Jambo hilo lilimtisha mama kuliko kitu chochote, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kusema hapana upesi.

Ndipo sisi watoto tukajichanga. Tukakubaliana kuwanunulia wazee trekta dogo, la kuvuta magogo na kubeba kuni na mbolea, ili msitu ubaki. Hatukuwa na uwezo wa kununua mara mbili. Mimi nilikuwa nimeolewa Makambako, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuwapeleka dukani.

Yalikuwepo mawili. La kwanza jekundu, kifua kimetoka mbele, matairi mapana, na paa juu la kumkinga dereva na mvua. La pili la buluu, jembamba, fupi, limekaa pembeni ukutani kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Baba alichagua trekta kama anavyochagua dume la ng'ombe. Wazee wetu wote wangefanya vile vile. Alilizunguka lile jekundu, akalipiga bega kwa kiganja, akainama kutazama miguu, akaomba aisikie sauti yake. Muuzaji akaliwasha. Likanguruma hadi vioo vya duka vikatetemeka, na baba akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu nyonga imwangushe. Muuzaji, nimsifu, hakuwa mwongo. Alisema jekundu litavuta magogo mawili kwa pamoja na kupanda mlima bila kuhema. La buluu litavuta moja moja, tena kwenye mteremko halitaki haraka, kwa kuwa ni jembamba na linaweza kulala ubavu.

"Umesikia mwenyewe," baba akamwambia mama. "Hilo dogo ni la kuchunga kuku."

 Mama alikuwa amevua kanga yake ya mabegani, ile ya zamani ambayo maandishi yake yalishafifia, na alikuwa akiinyoosha mbele ya yale matrekta. Jekundu lilitaka urefu wote wa kanga, kutoka tairi hadi tairi. La buluu lilitosha kwenye upana wake. Akaikunja kanga, akaivaa, akasema turudi nyumbani kwanza. Muuzaji akakubali kutungoja hadi mwisho wa juma. Baba njia nzima alinuna.

Kesho yake mchana nilimkuta baba amesinzia kwenye kiti, hapa hapa mlipo, miguu kwenye moto. Nje ukungu ulikuwa umerudi na nyumba ilikuwa kimya. Mara akaanza kucheka usingizini, kicheko cha taratibu. Alipoamka macho yake yalikuwa bado mbali.

"Mama Blandina," akasema. "Nimeota naendesha lile jekundu msituni. Halina kelele hata kidogo, linakwenda kama linaelea. Na miti inanipisha. Inainua mizizi kidogo, kama mama anavyoinua gauni akivuka dimbwi, inasogea pembeni, inasema pita mzee, pita. Yote imenipisha."

Mama alikuwa anamenya viazi. "Yote?"

Baba akavuta miguu kutoka kwenye moto. Kisha akasema, "Mmoja haukusogea. Mdogo. Ulinisalimia tu. Ulisema, shikamoo baba, mimi nihamie wapi?"

"Ukaujibu nini?"

"Nimeamka."

Mama aliweka kisu chini, akafuta mikono. "Hao waliokupisha walikuwa wamelala na wewe ulikuwa umelala," akasema. "Twende tukawaulize wote tukiwa macho."

Basi tukatoka. Sitaisahau safari ile fupi. Mama alishika pembe za kanga upande mmoja, baba akashika upande wa pili, wameinyoosha kwa urefu wake, na katikati yao hakuna kitu ila ukungu. Walitembea sambamba hivyo, wazee wawili, polepole, kwa ajili ya nyonga. Mimi nilifuata nyuma. Wakati mwingine niliwaona viuno tu, wakati mwingine niliona kanga peke yake ikielea. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani na msitu mzima ulinukia gome lililolowa.

Mwanzoni njia ilitosha. Baba akaanza kupata sauti. "Unaona? Unaona?" Kila walipopita kati ya miti miwili aliitikisa kanga kidogo, kama anayetikisa hatamu. Alikuwa amepita njia ile maisha yake yote na alijua ni pana. Lakini njia ya mguu humdanganya mwenye mguu. Yeye aliijua kwa mabega yake, si kwa matairi.

Tukafika kwenye ile mikusu miwili. Baba akatangulia kidogo, mama akafuata, na kanga ikakataa. Ilijikunja katikati. Ili mama apite, ilibidi asogee karibu sana na baba, na kanga ikalegea kati yao. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Ikalegea tena. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo, hakuna pa kuzungukia.

Baba alisimama akiitazama kanga. Sisi tuliitazama miti.

"Ni mti mmoja tu, Mama Blandina," akasema kwa sauti ya chini.

"Upi?"

Baba akageuzia uso kwenye korongo.

Mimi niliona uchungu wa baba, na nikajitia ushujaa. Nikasema, "Baba, kata wangu. Mimi nipo hai, nina nyumba yangu na watoto. Mti wa nini?"

"Wewe nyamaza," mama akanikatiza. "Hujaulizwa." Kisha akamgeukia baba. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Miti hii miwili yote ina majina, mume wangu. Taja jina la huo unaotaka kuukata. Ukishalitaja, shoka nitakuletea mimi mwenyewe."

 Ukungu ulipita kati yetu, nikadhani baba ameondoka, kisha nikamwona tena. Alikuwa ameweka kiganja kwenye gome la mkusu wa kushoto. Si kwa kulipiga, kama alivyolipiga lile trekta. Alikiweka tu.

"Faraja," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina lile likitoka kinywani mwake. Nikadhani ndiyo hukumu, kwamba sasa mama atakwenda kuleta shoka. Nililia, nawaambia ukweli, mwanamke mzima mwenye watoto wanne.

Lakini baba hakuuondoa mkono. "Faraja," akarudia. "Shikamoo yako sikuiitikia. Marahaba, mwanangu. Huhami popote."

 Mama aliigeuza kanga, akampa baba pembe nyingine, wakainyoosha kwa upana wake. Wakapita kati ya mkusu wangu na mkusu wa dada yangu, na kanga haikugusa gome upande wowote. Wakashuka hadi kwenye misindano, wakageuka, wakarudi, na bado haikugusa. Walipofika tena kwenye ile mikusu mama alisimama kupumzika, akaikunja kanga kifuani.

"Twende nyumbani, Baba Faraja," akasema.

Baba aliitika. Tangu siku hiyo wakiwa wawili mama alimwita hivyo, na kwa watu akaendelea kumwita Baba Blandina kama kawaida.

Tukanunua lile la buluu. Sitawadanganya kwamba lilikuwa bora kuliko jekundu. Mlimani lilihema hadi ukalihurumia. Lilivuta gogo moja moja, na kazi ya siku moja likaifanya wiki. Halikuwa na paa, baba alilowa. Lakini liliingia msituni na kutoka, na misindano ilitoka, na yule mfanyabiashara wa mbao hakuona tena sababu ya kupanda kilima chetu. Na kila lilipofika kwenye mikusu miwili baba alipunguza moto, akapita polepole, midomo yake ikichezacheza. Sikuwahi kumuuliza anasema nini.

Majirani walimtania, si mnawajua. Nyagawa mwenyewe, enzi hizo bado kijana mwenye mdomo, alisimama barabarani akapaza sauti, "Kamwene, mzee! Hilo ni trekta au pikipiki iliyonenepa? Ulikosa lenye kifua?"

Baba alizima injini ili asikike vizuri. "Lenye kifua nililipenda," akasema. "Lakini sikuchagua mimi. Trekta huchaguliwa na miti."

Nyagawa alicheka, akaenda kuwasimulia wenzake kilabuni kama kichekesho. Wakacheka nao. Kisha mmoja akataka kumwoza binti yake kwa mtu tajiri asiyepatana na ndugu wa binti, mwingine akataka ng'ombe wakubwa kwenye zizi dogo, na kila mara palikuwa na mtu wa kuisema methali hiyo, kwanza kwa utani, halafu bila utani. Leo hii Nyagawa huyo huyo ndiye amewaambia ninyi, na hakuwa anacheka.

Basi, Jofrey, weka hiyo nyundo chini. Fremu ya mlango unaotaka kuubomoa ni ya msindano wa kwanza kabisa kutolewa msituni na lile trekta la buluu. Baba aliichonga akiwa amekaa, kwa sababu ya nyonga, na mama akashika ncha ya pili, kama alivyoshika kanga. Kochi ni zuri, sikatai. Nimelikalia hapo nje kidogo mlipokuwa mnagombana, na linabembeleza. Lakini mlirudishe dukani mkalete linalopita, maana nyumba hii ilikuwepo kabla ya kochi.

Trekta huchaguliwa na miti.