Mikokoteni ya Majivu

Mkulima mmoja aitwaye Luhende alikuwa na ekari nne alizoachiwa na baba yake, katika nchi ya nyasi ndefu na miti michache, jirani na wachoma matofali. Mwaka mmoja mahindi yake yalidumaa kidogo. Akaenda kwenye tanuri kuomba majivu, akajaza mkokoteni wa ng'ombe na kuyamwaga shambani. Mahindi yakastawi. Alifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka uliofuata akamwaga mikokoteni mitatu, kisha saba. Mkewe Nkwimba alimwambia yatosha, naye akajibu kwamba kitu chema hakizidi. Alikuwa mtu wa bidii, masikini. Mvivu angekwisha kuacha zamani.

Mahindi yakaanza kuota na michirizi myeupe kwenye majani machanga. Yalifika kiunoni, yakasimama hapo. Luhende akaona shamba lina njaa, akaongeza majivu. Misimu mitatu hawakujaza hata magunia mawili. Mwishowe akatangaza kwamba ardhi ya baba yake imekufa, na kwamba watahama kwenda kusini kutafuta nchi mpya, kama walivyofanya jirani zake. Nkwimba alilia. Nyuma ya nyumba ile walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza.

Lakini Nkwimba alikuwa ameona jambo. Korongo lilikata shamba lao, na ng'ambo yake, kwenye kipande kidogo ambako mkokoteni haukuweza kufika, mahindi yalikuwa ya kijani kibichi. Akachota udongo wa huku na wa huko katika vifuko viwili, akampelekea bibi shamba wa kata bila kumwambia mumewe.

Jibu lilifika siku ya kuhama. Magodoro na vyungu vilikwisha kupakiwa, ng'ombe wamefungwa nira. Bibi shamba alipita moja kwa moja hadi katikati ya shamba, akashika jani lenye michirizi.

"Baba, mahindi yako yamekosa madini ya zinki," alisema, "na zinki imo humu humu ardhini, sawa na kule ng'ambo. Majivu yako ndiyo yameifungia, mizizi haiipati. Shamba halijafa. Acha tu kulimwagia."

Luhende akaketi juu ya tuta, akacheka huku machozi yakimtoka, jinsi mtu anavyocheka akiambiwa mgonjwa wake atapona. Alipoinuka kwenda kuwafungua ng'ombe, Nkwimba alikuwa amekwisha kushusha vyungu. Msimu ule waliweka samadi iliyooza, wakanyunyizia majani zinki kidogo kama walivyoelekezwa, na kuku wakaanza kutagia ndani ya mkokoteni. Mahindi yalichukua muda wake. Kisha yakapita kiuno, yakapita kichwa.

Ndugu zangu, shamba hilo ni mwanao, na majivu ni mawaidha yako. Ya kwanza yalimfaa kweli. Leo unasema hana akili wala utu, heri aende akakae kwa mjomba wake, maana kwako ameshindikana. Ninayo furaha kukuambia kwamba yote uliyoyatafuta kwake bado yamo. Ila niambie: wewe, pale nyumbani, umefikisha mkokoteni wa ngapi?