Pimbi na Mtungi wa Siki

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga, wakilima na kusengenyana kama sisi tu, palikuwa na mji ukingoni mwa ziwa ukiitwa Mzabibuni. Sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole!

Jua liliwaka pale kutwa, na wenyeji wakajisifu nalo utadhani wamelichonga wao. Mapapai yalikuwapo, machungwa yalikuwapo, na zabibu ndiyo usiseme. Wageni walivuka ziwa kwa mitumbwi kuja kuota jua, kula matunda na kuonja mvinyo.

Pimbi alikuwa mkulima wa zabibu. Umbo dogo, lakini mdomo, jamani! Nyumba yake ilikuwa ufukweni kabisa, mlango ukitazama maji. Aliipenda kuliko mkia wake, ingawa mkia wenyewe hakuwa nao.

Kila baada ya mavuno, Tembo na Kiboko, waonjaji wa mji, walipita nyumba kwa nyumba. Mwenye mvinyo bora alifungua sherehe ya wageni. Aliyeuaibisha mji kwa mvinyo mbaya alinyang'anywa kiwanja, akahamishiwa kule majabalini.

Mwaka ule mvinyo wa Pimbi ulikuwa mzuri kweli. Basi akashindwa kutulia. Akautoa mtungi nje, na kila mtumbwi ulipofika alipiga kelele, "Karibuni! Njoni mnuse!" Kisha, pwa! Anafunua.

"Aaah!" wageni wanasema.

Pimbi kichwa kinavimba. Siku tisa mtungi ulikaa juani, mdomo wazi kama mwenyewe.

Siku ya kumi mkewe alichovya kidole, akaonja. "Ptu! Baba Sikujua, hii ni siki!"

"Siki gani? Ulimi wako tu huo."

Pimbi akaonja. Macho yakamtoka pima. "Mungu wangu! Nimewanusisha wageni mpaka nimeua mvinyo!"

"Na waonjaji wanakuja kesho. Nani alikwambia mvinyo unaanikwa kama dagaa?"

"Nani mwingine? Kichwa hiki hiki, kikubwa kwa sifa, kidogo kwa akili."

Akakaa chini akaitazama nyumba yake, machozi yakamlengalenga. Kisha akaruka. Kumbe desturi ya mji ilikuwa mwonjaji aanze kwa tunda la mwenye nyumba! Wengine walitoa papai. Pimbi akachukua kikapu, akakimbilia kwenye milimau.

Kesho yake, tishi! tishi! Tembo huyo, na Kiboko nyuma anatweta.

"Hodi!"

"Karibuni, wakubwa zangu! Shikamooni!"

"Marahaba. Papai liko wapi?"

"Papai? Papai ni la wanaojifunza kuonja. Mabingwa husafisha ulimi kwa limau, zima zima, bila kukunja uso. Lakini kama kwenu ni kali, basi niwaletee tu..."

"Kali kwa nani?" Kiboko akang'aka. Akatupia kinywani malimau sita, chwaa! Tembo naye angekubali kushindwa? Akatafuna kumi. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye mkonga.

"Tamu, mzee?"

"Ta-ta-tamu," Tembo akasema.

Pimbi hakupoteza wakati, akamimina siki. Wakubwa wakanywa. Meno yamekufa ganzi, ulimi umelala; wangejua nini?

"Mbona laini hivi!" Tembo akashangaa.

"Kama asali!" Kiboko akadakia, maana hakutaka kuonekana hajui. "Huu ndio wa kufungua sherehe!"

Walipoondoka, Pimbi alicheza ngoma uani. "Nyumba imepona, mke wangu! Nimewaweza!"

"Hongera," mkewe akasema. "Na mshindi hufanya nini kwenye sherehe?"

Pimbi akasimama mguu mmoja juu. Mshindi hunywa wa kwanza, kibuyu kizima, akitabasamu mbele ya wageni hadi tone la mwisho. Na hapewi tunda.

Siku ikafika. Ufukwe ukajaa. "Ndiye yule wa mtungi!" wageni wakanong'onezana. Pimbi angeweza kuungama pale pale, lakini kusikia anasifiwa, kifua kikatangulia. Akashika kibuyu.

Gulu, gulu, gulu! Koo likawaka moto. Tumbo likalia ng'wii! Tabasamu, Pimbi, tabasamu! Mdomo wa juu ukapanda, ukapanda, meno yakabaki nje.

"Tamu?" Tembo akauliza.

"Ta-ta-tamu."

Tembo akatega masikio. Sauti ile aliijua; ilikuwa yake mwenyewe, ya siku ya malimau. Akatia mkonga mtungini, akaonja kwa ulimi mzima. Fwaaa! Siki ikawarukia wageni wote wa mbele.

"Siki! Pimbi, umetulisha siki!"

"Ni kweli, wakubwa," Pimbi akasema, akicheka na kulia pamoja. "Niliwatia ganzi kwa malimau. Lakini mbona mnakasirika? Ninyi mlikunywa kikombe kimoja kimoja. Mjanja wenu nimekunywa kibuyu kizima!"

Kiboko alicheka hadi akatumbukia ziwani, chubwi! Tembo akajikaza, lakini mkonga ulimtetemeka kwa kicheko. Hata hivyo, sheria haikucheka. Jioni ile ile vyungu vya Pimbi vikapandishwa majabalini.

"Usihuzunike," mkewe akamwambia. "Siki tumekuja nayo. Kachumbari hatutakosa."

Pimbi akajinyoosha juu ya jiwe, akaitazama nyumba yake kule chini. Roho ilimuuma sana. Mdomo wake haukushuka tena. Mpaka leo anaota jua pale pale, meno nje. Hata ukimuuliza kama jabali ni tamu, atakwambia tamu.

Mpishi wa uongo, wanangu, ndiye hupakuliwa sahani kubwa kuliko wote.